U na O

Kadi zilikuwa 250, na kila moja ilikuwa inamwalika mtu aje kumshuhudia kijana akimuua mchumba wake.

Nilikusudia kuandika "atakayemuoa". Nikaandika "atakayemuua". Kwenye kibodi baina ya u na o ipo i tu, na usiku ule nilikuwa na kazi tatu mezani: bango la duka la simu, menyu ya mkahawa mmoja Shangani, hapa Unguja mjini, na hizi kadi za harusi ya Kikwajuni. Niliisoma kadi mara mbili. Nikamtumia mama wa bwana harusi kwa WhatsApp, naye akakagua majina, tarehe na msikiti wa nikaha, akanijibu "mashaallah, imependeza". Ndivyo watu wanavyosoma kadi, wanatafuta majina yao. Na mie niliyeiandika nilisoma hivyo hivyo.

Kadi zenyewe zilinunuliwa tupu, zile nene zenye maua ya kubonyea pembeni, zikaletwa kwa boti kutoka Dar es Salaam: 250 za wageni na kumi za kuharibikia. Maneno tunayapiga hapa hapa kwa skrini. Unaprinti maandishi yako kwenye karatasi inayopitisha mwanga, fundi anayachoma kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu, kisha anamwaga wino wa dhahabu na kuuburura kwa raba, kadi moja baada ya nyingine. Uzuri wa skrini ni kwamba kadi ya kwanza na ya mwisho zinatoka sawasawa. Ubaya wake ndio huo huo.

Mama wa bwana harusi alinipigia simu Alkhamisi baada ya magharibi. Alinisalimia, akaniuliza hali za nyumbani, akaniuliza na mvua huku kwetu ikoje, ndipo akasema: "Mwanangu, kijana wangu anakwenda kuoa. Haendi kuua."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kadi tupu za rangi ile dukani zilikuwa zimekwisha, na kadi za kwanza zilitakiwa zianze kutembea Jumamosi. Nikakaa kwenye kiofisi changu cha Mlandege nikaitazama ile u. Mdomo wake uko wazi juu. Ukiufumba inakuwa o. Nikateremka Darajani kabla maduka hayajafungwa, nikanunua kalamu tatu za wino wa dhahabu, nikarudi kujaribu kwenye moja ya zile kumi.

Ikasomeka "atakayemuaa".

Maana nilitumia mwandiko wa kulaza, ule wa mikia mikia ambao kila mwenye harusi anautaka, na u ya mwandiko ule ina kamkia kulia. Ukiifumba juu na mkia ukabaki, hujapata o, umepata a. Kwa hiyo kazi ikawa mbili: kwanza unaparura mkia kwa ncha ya wembe bila ya kuchana karatasi, halafu unafumba mdomo. Mdogo wangu wa kiume akashika wembe, mie kalamu. Tulianza saa mbili usiku na tukamaliza karibu na adhana ya alfajiri. Sita ziliharibika. Zilipofika mia hivi, sikuwa tena naona herufi, nilikuwa naona chungu kinachosubiri mkungu wake. Kadi zikatoka, harusi ikafana, na mpaka leo sijasikia mgeni aliyegundua. Ila mimi kadi moja nimeibakisha haijatengenezwa, imo kwenye droo.

Siku za baada yake nilikuwa nikijiliwaza kwa kisa cha stempu. Mwaka 1895 posta ya hapa ilianza kutumia stempu za India zilizopigwa neno Zanzibar juu yake, na katika zile stempu zimo zilizotoka "Zanzidar". Herufi b imegeuka d, na stempu ikaenda zake kwenye barua. Leo wakusanyaji wa stempu wanazitafuta zile zenye kosa na kuzinunua kwa bei kubwa kuliko zilizo sahihi. Kadi yangu ya droo bado haijapata mnunuzi.

Nimesema haya yote kwa sababu watu wananiuliza kwa nini mtu mwenye wateja wa kutosha anakesha siku za mapumziko kuchora herufi ambazo hakuna aliyezilipia. Sikuwa mtu wa herufi. Nilijifunza kazi hii kwenye steshenari, nikipiga fotokopi na kuchapa barua za watu, na herufi kwangu ilikuwa kitu kinachokuja na kompyuta, unashuka orodha mpaka uone inayovutia. Usiku wa kufumba u 250 ndio uliniharibu. Tangu hapo siwezi kupita chini ya bango nikasoma neno tu.

Idi ile nilikwenda Wete, Pemba, kwa Bibi. Nilipomsimulia alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akaniambia nimwandikie yale maneno mawili. Bibi herufi za Kilatini anazisoma taratibu, kwa kidole; alikosoma yeye ni chuoni, chuo cha Qur'ani, na barua zake zote mpaka leo anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akazitazama u yangu na o yangu, akachukua kalamu, akageuza kalenda ya mwaka jana, akaandika nyuma yake neno moja, na chini yake akaandika jengine. Mie naona sawasawa, herufi kwa herufi, irabu kwa irabu.

"Soma."

"Kumuoa."

"Na hili la chini?"

"Kumuoa."

"Hilo la chini ni kumuua. Kwa nini umesoma kuoa?"

"Si tunazungumza harusi, Bibi?"

"Basi."

Kiarabu kina irabu tatu, na Kiswahili tano. Kwa mwandiko wa zamani, u na o zinapewa alama moja, dhumma, na i na e nazo zinagawana moja. Msomaji ndiye anayejua. Herufi za p, ch, g na v watu walizitafutia njia, wakaazima za Kiajemi au wakaongeza vitone, lakini u na o walikuwa wakiziacha zilale kitanda kimoja. Kwa hesabu ya Bibi, mimi sikukosea herufi, nilikosea kuchagua mwandiko ambao unamtilia mtu mashaka.

Halafu akanifungulia kasha.

Ndani yake mna doti za kanga zilizofukizwa udi, nyengine hazijakatwa wala kupindwa tangu aletewe. Tulizitandaza chumba kizima. Kwa kawaida mtu akikunjuliwa kanga anatazama pindo na mji wa katikati, halafu anasoma jina, yaani yale maneno yake, kuona limemgusa nani. Mie nikapiga magoti kwenye majina. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. HASIDI HANA SABABU. Na kwenye kanga moja nyekundu ya damu ya mzee, iliyopauka kwenye mikunjo: WEMA HAUOZI.

Hebu liandike uliangalie. HAUOZI. U na O zimekaa bega kwa bega, na mchoraji wake, nani sijui, amezipa kila moja haki yake. U ni nyembamba, imesimama wima, miguu yake minene kama nguzo za baraza. O ni pana zaidi, imevimba mbavuni, na juu na chini wino umepungua. Ile O si U iliyofumbwa. Haifanani nayo hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba zile kadi 244 tulizozitoa zilikwenda na vyungu vilivyofunikwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na o.

Nilizipiga picha kanga 47 siku ile, Bibi akinishikia ncha na kunilaumu kwamba nazikunja vibaya. Kanga haikai bapa. Ni kitambaa cha mita moja na nusu kwa mita moja hivi, ukikivuta huku herufi inanenepa, ukikilegeza inakunja uso. Ilibidi kila jina nilipige mara tatu, nne, nichague ambayo nyuzi zimekwenda mraba. Kisha nikarudi Unguja nikaanza kuzichora herufi zake juu ya picha, nukta kwa nukta, kwa FontForge, ambayo ni programu ya bure ya kutengeneza fonti, yaani herufi za kompyuta, na inaonekana hivyo, lakini kazi inafanya.

Mara ya kwanza nilizichora safi. Pembe kali, mistari iliyonyooka, kila kitu kwa rula. Nikaprinti WEMA HAUOZI nikaibandika ukutani, na haikuwa kanga. Ilikuwa herufi ya kwenye mfuko wa saruji. Nikarudi kwenye picha nikazikuza mpaka zikavunjika. Kumbe kwenye kitambaa wino unatambaa: pembe ya E ndani imejaa kidogo, kitundu cha A kimekuwa tone badala ya pembetatu, ncha za K zimekuwa butu kama kidole. Jicho langu lilikuwa likiliona hilo siku zote na mkono ukalisafisha kama uchafu. Nimezichora tena zote, safari hii na wino uliotambaa. Kipo kipimo chake, na nimekitafuta miezi miwili: ukizidisha, herufi inaonekana imelowa.

Kazi iliyonishinda kwa muda mrefu ni nafasi baina ya herufi. Hili ukiandika Kiswahili utalijua vizuri. Chukua WA. W inalala upande wa kulia inapopanda, A inalala kushoto inaposhuka, na baina yake unabaki uwazi kama mlango ulioachwa nusu. Ukiandika Kiingereza, WA utaipata mara moja moja. Sisi hatumalizi sentensi bila yake: wa, kwa, hawa, wawili, mwana. Ongeza na ya, vya, yao, yake. Kwa hiyo katika fonti yangu A inaingia chini ya bawa la W, na KWA peke yake niliikalia Jumapili mbili. Na ile alama ya ng', ambayo kwenye fonti nyingi inasimama mbali kama haihusiki, nimeisogeza mpaka iguse bega la G. Ng'ombe na Ng'ambo sasa yanasomeka kama neno moja.

Hapa niseme jambo ambalo litaniudhia wateja. Mji Mkongwe umejaa mabango ya herufi za Kilatini zilizovikwa vilemba: e imechorwa kama ayn ya Kiarabu, i imepewa vitone vitatu ambavyo havina kazi, a inapinda kama jambia. Mwenye mkahawa anakuja na simu, ananionesha moja iliyochukuliwa mtandaoni, anasema nataka hii, ina Uzanzibari. Ndugu yangu, hapo hapana Uzanzibari. Mtu anayesoma Kiarabu anaumwa na macho, na asiyesoma anadanganywa. Uzanzibari wa herufi uko kwenye makasha ya mama zetu, umekunjwa. Nimezifanya hizo menyu, usinihukumu, kodi ya kiofisi inalipwa kila mwezi. Lakini sizitii kwenye orodha ya kazi zangu.

Mteja wa kwanza aliyeitumia fonti hakujua kama anaitumia. Ni kikundi cha akina mama cha pwani ya kusini mashariki, wanatengeneza sabuni ya mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huku Unguja mwaka 1989, na baadhi yao wamo humo baharini tangu enzi hizo, vitambaa kiunoni, maji magotini. Sasa mwani mwengine wanauanika, wanausaga, wanauchanganya na mafuta ya nazi na karafuu, wanaupiga vipande. Walitaka lebo. Walinipa sharti moja, kwamba isomeke kwa mtu mzima aliyesahau miwani.

Tuligombana kwanza na rangi. Wao walitaka kijani cha mwani ukiwa ndani ya maji, kile kinachong'aa, na kwenye laptopu yangu kilikuwepo, wote wakakipenda. Kilipotoka kwenye mashine kilikuwa kijani cha mchicha uliolala. Nikawaeleza: skrini ya kompyuta inatoa rangi kwa taa, mashine inatoa kwa wino nne, na zipo rangi ambazo taa inaziweza na wino hauziwezi. Mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwani mwani ukikauka una rangi gani?" Akaniletea konzi. Una zambarau iliyofifia, na unga wa chumvi juu yake. Rangi hiyo mashine iliitoa mara ya kwanza, haikutaka hata kubembelezwa.

Jina nikaliandika kwa herufi za kasha la Bibi: SABUNI YA MWANI. Nilikuwa sijawaambia kitu. Nilipoiweka mezani, mmoja akaitia machoni, akasema, "Hii kanga." Mwengine akasema, "Kanga gani haina jina?" Ikawa zogo. Kwao, herufi zile zikikaa mahali lazima ziwe zinamwambia mtu jambo, na "sabuni ya mwani" si jambo. Walibishana nusu saa. Aliyetaka HASIDI HANA SABABU alishindwa kwa kura, wakasema mnunuzi ataogopa kukoga. Mwisho tukaandika JAPO SIPATI TAMAA SIKATI kwa ndani ya kifuniko, mahali unapopaona ukishafungua tu. Nilipata malipo yangu, nusu pesa na nusu sabuni. Hiyo ndiyo bei ya kindugu pekee ambayo sijaijutia.

Kwa vile nilikuwa huko huko kusini, nikaendelea mpaka Kizimkazi Dimbani. Nilikuwa nimewahi kupelekwa pale na skuli, tukala maandazi, sikumbuki zaidi. Safari hii nilimwomba mzee anayeangalia msikiti aniruhusu kuingia baina ya sala. Msikiti wenyewe ulijengwa upya baadaye, lakini kwenye kibla yamo maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107. Yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi zimeinuka na jiwe limetolewa pembeni yake. Ncha za herufi zinachipua, mkia unapanda na kuwa jani. Nilipapasa kwa macho tu. Nikawa natafuta mahali ambapo mchongaji alikosea. Mie nikikosea nabonyeza vitufe viwili inafutika, na bado nilitoa kadi 250 za mauaji. Yule alikuwa na patasi na jiwe linalovunjika vipande vipande likiguswa vibaya. Nimekaa dakika arobaini, sikuliona kosa. Mzee akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Fonti sasa ina herufi 24, tarakimu, nukta, mkato na alama ya kuuliza. Haina herufi ndogo, kwa sababu majina yote niliyoyapiga picha yameandikwa kwa kubwa na sitaki kuzizua. C niliipata kwa taabu, maana kwetu haitembei bila ya H. Q na X sikuzipata kwenye kanga hata moja, na nilikuwa nimeamua niziache, Kiswahili hakizihitaji.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Wete, nikamchukulia Bibi karatasi kubwa yenye herufi zote, nimeipanga vizuri kuanzia A mpaka Z. Aliipitisha kidole. Akasema K inachechemea, na kweli mguu wake wa chini ni mfupi, nimeurekebisha. Akasema M imeshiba. Kisha akarudi nyuma kwenye mstari wa tatu, akasimama baada ya P.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Bibi. Ni ile Q. Sisi hatuitumii."

"Na Qur'ani utaiandika na nini?"

Nikanyamaza.

"Na Kadhi?"

"Kadhi tunaandika na K, Bibi."

"Nyinyi." Akaikunja karatasi akanirejeshea.

Basi usiku huu niko na Q. Nimeichukua O ya HAUOZI kama ilivyo, pana, imevimba mbavuni, nikaitia mkia. Mkia wa kwanza ulikuwa mrefu, ukaifanya ionekane kama upawa. Wa pili nikauingiza ndani, ukaziba tumbo. Wa tatu upo hapa mbele yangu, mfupi, umechomoka kulia chini, butu kama ncha ya K. Nikiuangalia sana naona ile u ya kadi na kamkia kake, na mkono unautafuta wembe. Nimeuacha mpaka kesho, nitauangalia kukiwa na jua.